UCHAMBUZI: Kwa nini faili ya Kitengela ifike Kajiado kwa njia ya Ulaya?

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama hizi daftari limegeuka kuwa faili, na swali linalowakabili Wakenya wengi si tena iwapo wana daftari, bali ni nani anayelihifadhi na linapitia wapi linaposafirishwa.

Chukulia mfano wa familia moja ya Kaunti ya Kajiado. Mzee anaishi karibu na mji wa Kajiado, na katika tarakilishi yake mna nakala za hatimiliki, ramani za mgawanyo wa shamba na barua za miaka mingi. Bintiye anaishi Kitengela, karibu na kazi yake, naye ana tarakilishi yake nyumbani. Baina yao ni chini ya kilomita 60 za barabara ya Namanga, kupitia Isinya.

Binti huyo anapohitaji ramani ya shamba usiku wa kuamkia kikao cha familia, ana njia tatu alizozoea. Ya kwanza ni babake kutia flashi ndani ya bahasha na kumkabidhi utingo wa matatu. Ya pili ni mzee kwenda katika duka la huduma za intaneti, ambako nakala huenda ikasalia katika tarakilishi ya mwenye duka. Ya tatu ni kuweka kila kitu katika hifadhi ya kampuni ya ng'ambo, kwa masharti ambayo wawili hao hawajawahi kuyasoma.

Ipo njia ya nne, ambayo haizungumziwi sana. Ni kuziunganisha tarakilishi hizo mbili moja kwa moja kwa VPN, yaani mtandao wa faragha unaopita ndani ya mtandao wa umma. Kila kinachopitishwa hufungwa kwa ufunguo walio nao wawili hao pekee, na kabrasha la Kajiado huonekana Kitengela kana kwamba liko chumba cha pili.

Jambo hili si dogo katika kaunti ambayo ranchi za jamii zimegawanywa kwa miongo kadhaa, huku Kitengela ikigeuka kutoka malisho ya mifugo na wanyamapori hadi mji mkubwa. Penye migogoro ya ardhi, nakala ya karatasi ndiyo ngao ya mnyonge. Anayeipoteza, au anayeiacha mikononi mwa watu asiowajua, amejivua ngao hiyo.

Kwa nini basi njia hii haijaenea? Sababu ya kwanza ni sifa mbaya. Katika Afrika Mashariki neno VPN limekuwa neno la siasa. Nchini Uganda, serikali ilipoanza kutoza Sh200 za nchi hiyo kila siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii mnamo Julai 2018, wengi walikimbilia VPN ili kuepuka ushuru huo. Waliikimbilia tena Januari 2021 Facebook ilipofungwa wakati wa uchaguzi.

Nchini Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitoa ilani Oktoba 2023 ikiwataka watumiaji wa VPN kuzisajili kabla ya mwisho wa mwezi huo. Hapa Kenya, neno hilo lilikuwa midomoni mwa vijana Novemba 2024, Telegram ilipozuiwa wakati wa mtihani wa KCSE kwa hoja ya kukomesha udanganyifu.

Ndivyo chombo kilichobuniwa miaka ya 1990 ili kumwezesha mfanyakazi kufikia mafaili ya ofisi akiwa nyumbani kilivyogeuka, machoni pa watawala, kuwa chombo cha kukwepa sheria. Ni kweli kwamba wapo wanaokitumia kwa hila. Lakini kisu kinachokata nyama ndicho kinachokata kidole, na hiyo si sababu ya kuagiza wapishi wasajili visu.

Tahadhari inahitajika hasa sasa. Marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, yaliyotiwa saini na Rais William Ruto Oktoba 2025, yanatoa mamlaka ya kuagiza tovuti na programu zifungwe iwapo zinaendeleza uhalifu. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wa baadhi ya vipengele. Hata hivyo, mjadala wote umehusu yanayosemwa hadharani. Ni wachache waliouliza itakuwaje kwa familia inayopitisha ramani ya shamba lake faraghani.

Sababu ya pili ni ya kiufundi, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Ili tarakilishi moja iifikie nyingine, sharti iwe na anwani. Mfumo wa zamani wa anwani za intaneti una nafasi takriban bilioni 4.3 kwa ulimwengu mzima, idadi isiyowatosha hata binadamu walio hai leo, sembuse simu, runinga na tarakilishi zao.

Kampuni nyingi za intaneti zimetatua uhaba huo kwa kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama mtaa mzima kutumia sanduku moja la posta. Mteja anaweza kutuma barua na kupokea majibu, lakini mgeni hawezi kubisha mlangoni pake kwa sababu mlango huo haujulikani nje. Tarakilishi ya Kitengela na ya Kajiado zote zikiwa katika hali hiyo, kila moja huweza kuita lakini hakuna inayoweza kuitwa.

Shirika linalogawa anwani hizo barani Afrika, AFRINIC, lenye makao nchini Mauritius, limekuwa katika kesi na migogoro tangu 2021, hata likakaa bila bodi halali hadi ulipofanyika uchaguzi wa Septemba 2025. Mfumo mpya wa IPv6, wenye anwani za kutosha kila kifaa duniani, umekuwapo kwa zaidi ya miaka 20. Bado nyumba nyingi nchini hazijaunganishwa nao.

Kwa sababu hiyo, wanaotaka kuunganisha nyumba mbili hutegemea huduma za upatanishi kama vile Tailscale na ZeroTier. Tarakilishi zote mbili huita mpatanishi, naye huziambia zilipo ili zizungumze zenyewe. Ikiwezekana, hujitoa katikati. Isipowezekana, mafaili yote hupitia katika seva ya kati, na seva hiyo ikiwa Ulaya, ramani ya Kajiado husafiri maelfu ya kilomita kwenda na maelfu kurudi ili kufika Kitengela.

Madhara yake huonekana upesi. Mawasiliano ya kwenda na kurudi kati ya Nairobi na Ulaya huchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Huo ni muda mfupi kwa binadamu, lakini kabrasha la pamoja huuliza na kujibu mara mamia kabla ya kufunguka. Mtumiaji hudhani tarakilishi yake imeharibika, kumbe imo safarini.

Tatizo hili tulikwisha kukutana nalo. Mnamo Novemba 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilianzisha KIXP jijini Nairobi, kituo cha kubadilishana mawasiliano ya humu nchini. Kabla yake, barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi hadi mwingine ilipitia ng'ambo kwa setilaiti, na nchi ikagharamia safari zote mbili.

Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na Tume ya Mawasiliano ya wakati huo (CCK) ikaamuru kituo kifungwe majuma mawili tu baada ya kuanza. Kilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya mvutano wa zaidi ya mwaka mmoja. Fundisho ni kwamba teknolojia haikuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa sheria iliyosomwa kwa jicho la mwenye kulinda biashara yake.

Faida ya mawasiliano kubaki nyumbani ilidhihirika tena Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za ukanda huu. Faili inayotoka Kitengela hadi Kajiado kwa njia ya Nairobi haihitaji waya wowote wa baharini. Inayopitia Ulaya hukwama pamoja na nyingine zote.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona tusiache milango ya tarakilishi wazi, tukaepuka huu mzunguko wote? Jibu lilitolewa Mei 2017 na kirusi cha WannaCry, kilichoenea duniani kwa kupitia mlango uleule ambao tarakilishi za Windows hutumia kugawiana mafaili. Kilifunga mafaili na kudai kikombozi. Kuanika mlango huo mbele ya intaneti nzima ni sawa na kulala usingizi mlango wa zizi ukiwa wazi.

Wala si kila kinachoitwa VPN ni salama. Facebook ilinunua kampuni ya Onavo mnamo 2013, na programu yake ya VPN, iliyotolewa bure kwa jina la kulinda watumiaji, ikatumiwa kukusanya habari kuhusu programu walizopenda. Apple iliikataa katika duka lake mnamo 2018. Kuna tofauti kubwa kati ya VPN inayokupitisha kwa mtu usiyemjua na ile inayounganisha vifaa vyako mwenyewe. Ya kwanza hukutaka umwamini mgeni. Ya pili hukutaka utunze ufunguo wako.

Programu ya aina hiyo ya pili, WireGuard, haina malipo na tangu 2020 imo ndani ya kiini cha mfumo wa Linux. Kila tarakilishi hupewa funguo mbili, mmoja wa siri na mwingine wa kupewa mwenzake, na isiyo na ufunguo unaotambuliwa haijibiwi lolote.

Ni haki pia kueleza mipaka ya njia hii. Kasi ya kupakia faili katika nyumba nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua. Faili ya gigabaiti moja ikipita kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua takriban dakika 27. Umeme ukipotea Kajiado, tarakilishi ya mzee haifikiki, na nchi nzima ilionja giza hilo Agosti 2023. Aidha, kabrasha la pamoja si nakala ya akiba. Likifutwa upande mmoja, limefutwa kwa wote.

Wapo watakaosema hili ni jambo la wachache, kwani sensa ya 2019 ilionyesha kuwa ni asilimia 10.4 tu ya Wakenya waliotumia tarakilishi. Lakini serikali hiyohiyo imehamishia maelfu ya huduma katika eCitizen, na rekodi za ardhi katika Ardhisasa tangu 2021. Shambulio la Julai 2023 lilipotatiza eCitizen, kila aliyekuwa na nakala yake nyumbani alikuwa na la kushika. Asiyekuwa nayo alisubiri.

Yafaayo kufanywa si mengi. Mamlaka ya Mawasiliano (CA) inapaswa kuzitaka kampuni za intaneti ziwape wateja wa nyumbani anwani za IPv6, ili nyumba ziweze kuitana bila mpatanishi. Wabunge, wanapoandika sheria za mtandao, watenganishe VPN ya kuunganisha vifaa vya mtu na hila ya kuficha uhalifu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 tayari inatambua faragha kuwa haki. Kisichofaa ni sheria nyingine kukitilia shaka chombo kinachoilinda.

Nao wananchi hawana budi kujifunza. Mzee wa Kajiado hahitaji kuwa mhandisi. Anahitaji kijana mmoja mwaminifu wa kumwekea programu hiyo, neno la siri lisilo jina la mjukuu, na mazoea ya kuhifadhi nakala ya pili penginepo.

Hadi hayo yatimie, bahasha zenye flashi zitaendelea kusafiri katika matatu za barabara ya Namanga. Na ukweli mchungu ni kwamba, kwa familia nyingi, utingo angali mpatanishi wa kasi kuliko seva ya Ulaya.