Pesa ya michezo ibandikwe ku valve



Kila mwaka wakati wa kujiandikisha unalipa, unarudisha bordero. Ndani ya zile makuta muko na sehemu ya michezo. Nani kati yetu aliwahi kuona hesabu yake?

Mimi ninayeandika haya ni mtoto wa Ndosho, na nilicheza basket miaka mitatu katika ekipe ya chuo kimoja cha hapa Goma. Tulikuwa na mipira mbili, moja imepasuka. Mayo tuliazima kwa ekipe ya kartiye. Siku ya mechi tulichanga franka za bus sisi wenyewe. Wadada njo hawakuwa hata na saa ya kiwanja: kila wakifika wanaambiwa leo wanaume wanajitayarisha. Siku moja tuliuliza pesa yetu iko wapi. Aliyepewa kazi ya michezo akatujibu: mulikuja kusoma ao kucheza? Pengine yule mzee hakuiba kitu. Pengine hata yeye hakupewa kitu. Hatukuwa na namna ya kujua, na shida yenyewe njo hiyo.

Viongozi wetu wanapenda kutaja vyuo vya Marekani, sababu ndiko Dikembe Mutombo alitokea: alifika Georgetown mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari, akaishia kuwa mchezaji wa basket. Sawa, tuongee juu ya Marekani basi. Kule, sheria ya mwaka 1972 ilikataza vyuo vinavyopokea pesa ya serikali kubagua wanawake, hata katika michezo. Lakini kukataza ni kitu kimoja, kujua nani anapata nini ni kitu kingine. Ndipo mwaka 1994 wakapitisha sheria ya pili: kila chuo cha namna hiyo kitoe raporti kila mwaka. Wachezaji wanaume wangapi, wanawake wangapi, makocha wanalipwa ngapi, pesa gani imeingia na gani imetoka. Mwanafunzi akiiomba, wanapaswa kumpa. Hawamuulizi kama alikuja kusoma ao kucheza.

Musifikiri wakubwa wa kule ni watakatifu. Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, alichaguliwa mchezaji bora wa basket ya vyuo mwaka 2022 akiwa Kentucky. Toka 2021 wenzake waliruhusiwa kulipwa kwa jina na picha zao. Yeye, kwa viza ya mwanafunzi, hakuweza kufanya kazi hiyo ndani ya nchi. Alingojea ekipe iende Bahamas mwezi wa Agosti. Na vyuo vyenyewe kugawia wachezaji mapato? Hiyo ilianza mwaka 2025 tu, kiisha wachezaji kupeleka wakubwa wa michezo mahakamani. Hakuna kiongozi aliyeamka asubuhi akasikia huruma.

Tunajua watatuambia nini: nchi iko mu vita, nanyi munaongelea mpira. Lakini pesa ya michezo haikungojea vita iishe, wanailipisha tu. Na kwa kijana ambaye usiku mzima anasikiliza milio ya risasi, saa mbili za kiwanja jioni si anasa. Kwa wengine njo sababu pekee ya kurudi chuoni kesho yake.

Kwa hiyo tunaomba wakuu wa vyuo vya Goma karatasi moja ku valve, mbele ya mitihani: wanafunzi wangapi walilipa, pesa ngapi iliingia, ilinunua nini, na sehemu gani ilienda kwa wadada. Tunaomba pia aliyepewa kazi ya michezo akae na makapiteni wawili, kijana na dada, waliochaguliwa na wachezaji wenyewe, kabla hajatumia hata franka moja.

Kama ni shida ya karatasi na gundi, tutaleta sisi.