Tulinunua macho kabla ya masikio

Kila maafa yanapolikumba jiji la Nairobi, lawama ya kwanza huwa kwamba waokoaji walichelewa. Lawama hiyo ina haki yake, lakini aghalabu haifiki kwenye shina la jambo. Naonelea kwamba mara nyingi waokoaji walifika, tena wakafika wengi, ila kila kundi lilikuja na redio yake, mkuu wake na habari zake, na hapakuwa na uzi uliowaunganisha. Kwa hiyo suala la kuwajengea polisi, wazimamoto na ambulensi mtandao mmoja wa redio usiokufa siku ya maafa si la mafundi peke yao. Linamhusu mwalimu aliye zamu, na mwanafunzi alalaye bwenini pia.

Hebu tuanzie Westlands. Jumamosi tarehe 21 Septemba 2013 magaidi waliingia katika jumba la maduka la Westgate, na watu 67 wakauawa. Waliotangulia kuingia kuwaokoa wengine walikuwa askari wachache, baadhi yao hata hawakuwa zamuni, pamoja na raia waliokuwa na bastola za leseni. Baadaye walikuja makomando wa kikosi cha Recce cha GSU, kisha wanajeshi wa KDF. Pande hizo mbili hazikuwa na amri moja wala njia moja ya kusemezana. Wanajeshi wakawafyatulia polisi risasi, na kamanda mmoja wa Recce akafa kwa risasi za watu wa upande wake. Polisi wakatoka jengoni, na shughuli ikaburutika hadi siku ya 4.

Sasa msomaji na akumbuke jambo ambalo husahaulika upesi. Westgate ilikuwa na kamera tele. Picha zake zilitazamwa baadaye ulimwenguni kote, zikionyesha magaidi wakitembea baina ya rafu za duka. Hapakukosekana macho siku ile. Kilichokosekana ni sauti ya kumwambia askari aliye ghorofa ya chini kwamba yule anayemwona juu yake ni mwenzake.

Tulijifunza nini? Mwaka 2014 Serikali ilikubaliana na kampuni ya Safaricom iujengee polisi mfumo mpya wa ulinzi na mawasiliano kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 15. Ulihusu kamera 1,800 mjini Nairobi na Mombasa, kituo cha kuelekezea shughuli, na mtandao wa redio za kisasa. Siwezi basi kusema kwamba masikio hayakununuliwa kabisa. Lakini kamera ndizo zilizosifiwa majukwaani, na kamera ndizo zinazoonekana juu ya nguzo. Fauka ya hayo, mfumo wenyewe ulikuwa wa polisi. Wazimamoto wa Nairobi wako chini ya serikali ya kaunti. Ambulensi nazo ni za Msalaba Mwekundu, za St John, za hospitali na za makampuni, kila moja na nambari yake ya simu.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba hapana lililotengenea. Tarehe 15 Januari 2019 magaidi walishambulia hoteli ya DusitD2 huko Riverside Drive, mwendo mfupi tu kutoka Westgate. Watu 21 walipoteza maisha. Lakini shughuli ilimalizika katika muda usiofika siku nzima, na Serikali ikatangaza kwamba zaidi ya watu 700 waliondolewa salama. Tofauti kubwa kati ya siku hizo mbili ilikuwa kwamba safari hii amri ilitoka mahali pamoja. Mapatano ya nani anasema na nani anasikiliza yalifanya kazi ambayo hakuna mnara ungaliweza kuifanya peke yake.

Lakini mapatano nayo yanahitaji njia ya kupitia, na hapa ndipo ninapotiwa wasiwasi. Mnara wa simu hutegemea mambo matatu: umeme wa kuuendesha, njia ya kupeleka mazungumzo hadi kwenye mitambo mikuu, na nafasi ya watu kuzungumza. Nafasi hiyo hupimwa kwa hesabu ya siku ya kawaida, yaani kwamba ni wachache tu kati ya walio karibu watakaopiga simu kwa wakati mmoja. Siku ya maafa hesabu hiyo huvurugika. Mama wa Kangemi anamtafuta mwanawe aliye mjini, mwenye duka anamtafuta mwenzake, waandishi wanatafuta habari, na katikati ya umati huo daktari anayetafuta damu anaambiwa na mashine ajaribu tena baadaye. Dawa yake inajulikana: mtandao unaweza kuagizwa umpishe mwokoaji kwanza, hata kwa kumkatia mtu mwingine simu. Ila ni sharti agizo hilo liandikwe katika mkataba na kujaribiwa kabla ya msiba.

Umeme ni kisa kingine. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikawa gizani. Tumbili alinusurika, tulicheka sana. Lakini mnara ambao betri zake hudumu saa chache tu hauna cha kuchekea. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea tena karibu kote nchini, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Wala si umeme peke yake. Tarehe 24 Aprili 2017 mtandao wa Safaricom wenyewe ulizimika kwa saa kadhaa nchini kote, bila bomu wala mafuriko. Hapo ndipo wengi walipotambua ni mambo mangapi tumeyatundika kwenye msumari mmoja.

Nipitapo barabara ya Waiyaki hulitazama jambo hili kwa macho yangu. Makao makuu ya Safaricom yako hapo, na makao ya Mamlaka ya Mawasiliano, mwenye kuisimamia kampuni hiyo, yako kando ya barabara iyo hiyo. Katikati ya jiji, makao makuu ya polisi pale Jogoo House yako mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka mahali bomu lilipolipuka tarehe 7 Agosti 1998, likaua watu 213, likajeruhi maelfu na kuliangusha jumba la Ufundi. Jumba la Extelcoms, lililojengwa kwa ajili ya simu za ng'ambo, liko katika barabara ya Haile Selassie, barabara ile ile ya msiba. Sisemi kwamba mitambo yote imerundikwa katika majumba hayo. Nauliza tu: likianguka moja, ni lipi litakalosema badala yake?

Wamarekani waliulizwa swali hilo kwa ukatili. Tarehe 11 Septemba 2001, jijini New York, polisi waliokuwa katika helikopta waliona kwamba mnara wa kaskazini ungeanguka, lakini onyo lao halikuwafikia wakuu wa zimamoto kwa sababu redio zao hazikuunganishwa. Wazimamoto 343 walikufa siku hiyo. Ilichukua zaidi ya miaka 10, hadi mwaka 2012, Bunge lao kupitisha sheria ya kuunda mtandao wa taifa wa waokoaji, uitwao FirstNet, na kuutengea masafa yake. Mwaka 2017 kazi ikapewa kampuni ya AT&T. Kisha siku ya Krismasi ya mwaka 2020 mtu mmoja akalipua gari nje ya jengo la mitambo la kampuni hiyo huko Nashville, na mawasiliano ya eneo kubwa, pamoja na simu za dharura, yakakatika. Kumbe hata tajiri aliyejifunza kwa damu anaweza kuweka mayai mengi katika kapu moja.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta mwalimu. Uwanja wa Wilson, hapa hapa Nairobi, ndio nyumbani kwa madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957. Kwa miongo mingi zahanati na hospitali za misheni zilizokuwa mbali na simu yoyote ziliita Nairobi kwa redio za masafa mafupi. Wimbi la redio hiyo hupanda angani na kurudishwa chini na tabaka la juu la anga, hivyo halihitaji mnara njiani. Sauti ilikuwa ya mikwaruzo, na ilitosha kuita ndege. Mtandao wa taifa unaostahili jina hilo ungekuwa na simu za kisasa juu, redio za kawaida chini yake, na redio ya namna hiyo chini kabisa, na watu wanaozizoea kila wiki.

Nimesema jambo hili linamhusu mwalimu. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 23 Septemba 2019 darasa la shule ya Precious Talent huko Ng'ando, Dagoretti, liliporomoka, na wanafunzi 8 wakafa. Wakazi ndio waliotangulia kuchakura vifusi kwa mikono. Mtu wa kwanza katika kila msiba huwa jirani, na mtandao wa waokoaji usio na mlango wa jirani kuingilia ni mtandao nusu. Nambari ya 999 ilikuwa bubu kwa miaka mingi hadi polisi walipoifufua mwaka 2013. Msalaba Mwekundu una 1199. Mtoto anayedhulumiwa hupiga 116. Zote ni kazi njema, lakini mwalimu mwenye vumbi machoni hawezi kuanza kuchagua.

Nambari moja inayopokelewa katika chumba kimoja, ambamo polisi, mzimamoto na mwenye ambulensi wameketi bega kwa bega, haitagharimu bilioni 15. Itagharimu ukubali wa kaunti na Serikali Kuu kugawana chumba, na hilo katika nchi yetu limekuwa ghali kuliko kamera. Bajeti ijayo ya usalama itakaposomwa Bungeni, nitakuwa nikitafuta humo pesa za betri, za jenereta, za redio za wazimamoto wa kaunti, na za zoezi la pamoja, hata liwe moja tu kwa mwaka, ambapo minara ya mtaa mmoja wa Nairobi inazimwa kwa makusudi ili ijulikane ni nani bado anasikika.