Mkopo wa Elimu ya Juu Ufundishwe Kuanzia Kidato cha Tatu

Kila mwaka, wakati mpunga umekwisha kuvunwa katika bonde la Kilombero, vijana waliomaliza Kidato cha Sita hukabiliwa na mtihani mwingine usiotungwa na Baraza la Mitihani. Mtihani huo ni maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Hauna mtaala, wala hauna kitabu cha kiada, na mara nyingi hauna mwalimu. Hata hivyo, ndio unaoamua kama alama nzuri za Fizikia na Baiolojia zitamfikisha kijana chuoni au zitabaki katika karatasi ya matokeo. Maoni ya makala haya ni kwamba mtihani huo hauna budi kufundishwa shuleni, na kwamba kuungoja hadi Kidato cha Sita ni kuchelewa.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi 13 tu, wote wa sheria. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, Serikali ililipa ada, chakula, malazi na hata nauli ya mwanafunzi. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi wa namna hiyo na mtu aliyepewa akiba yote ya chakula ya kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, ni msaliti. Mwaka 1988 ikatangazwa sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu. Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwezi Julai 2005. Jirani zetu nao wamefuata njia hiyo: Kenya iliunda bodi yake mwaka 1995 na Uganda mwaka 2014.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kurudi katika utaratibu wa zamani. Hoja hiyo ina uzito wa kimaadili, lakini haina budi kupimwa kwa hesabu. Wanafunzi wanaonufaika na mikopo hapa nchini siku hizi ni zaidi ya laki mbili kwa mwaka. Kuwasomesha wote bure si jambo lisilowezekana, ila fedha zake zingetoka katika mfuko ule ule unaojenga zahanati na shule za msingi. Mjadala huo na uendelee. Wakati unaendelea, mtoto wa mkulima anayemaliza shule mwaka huu anahitaji kujua namna ya kuomba.

Na kuomba kwenyewe si jambo la siku moja. Mwombaji hujaza fomu katika mtandao kwa kutumia namba yake ya mtihani wa Kidato cha Nne, nayo lazima iwe ile ile aliyoombea nafasi ya chuo. Cheti chake cha kuzaliwa hutakiwa kuhakikiwa na RITA, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Aliyefiwa na mzazi huambatisha cheti cha kifo kilichohakikiwa vivyo hivyo. Mwenye ulemavu huleta uthibitisho wa mganga. Aliyefadhiliwa alipokuwa sekondari huleta barua ya mfadhili. Anayetoka katika kaya inayosaidiwa na TASAF hutaja namba ya kaya yake. Kisha fomu hutiwa saini na mdhamini, na viongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na kamishna wa viapo, ndipo irudishwe tena mtandaoni.

Tumtazame sasa kijana wa Mngeta au Mlimba. Mara nyingi mwezi Juni yumo katika kambi ya JKT kwa mujibu wa sheria, ilhali dirisha la maombi limefunguliwa au li karibu kufunguliwa. Cheti cha kuzaliwa hana, kwa kuwa alizaliwa nyumbani na hapakuwa na aliyeona haja ya kukifuatilia. Jina alilosajiliwa nalo shule ya msingi lina herufi moja tofauti na jina la babake katika kitambulisho cha Taifa. Baba amefariki, naye alizikwa kijijini bila kifo chake kusajiliwa popote. Kila moja ya kasoro hizi inarekebishika, lakini kila moja huhitaji majuma, nauli na ada. Zote zikikutana katika mwezi mmoja, huwa kikwazo kikubwa kuliko umaskini wenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mkopo umekusudiwa kumfikia mhitaji, na uhitaji hupimwa kwa nyaraka. Kila mwanasayansi anajua kwamba chombo cha kupimia hutoa jibu la kile tu kinachokifikia. Kipimamvua kikiwekwa chini ya mwembe kitasema mwaka ni wa ukame. Vivyo hivyo yatima asiye na cheti cha kifo, machoni pa fomu, ni mtoto mwenye wazazi wawili. Mkulima wa mpunga hana hati ya mshahara. Kipato chake huja mara moja kwa mwaka, hupanda na kushuka kwa bei ya gunia, na katika mwaka wa mafuriko huenda kisije kabisa. Mtumishi mwenye mshahara mdogo anaweza kuuthibitisha udogo huo kwa karatasi moja. Mkulima mwenye kipato kidogo zaidi hana karatasi hiyo. Bodi inastahili kuendelea kukiboresha kipimo chake kwa kaya za namna hii. Lakini na sisi tunaoishi na kaya hizo tuna wajibu wa kuhakikisha kwamba ukweli wao umeandikwa.

Kwa mji wa Ifakara jambo hili ni zito kwa namna ya pekee. Tangu mwaka 1957, Rudolf Geigy wa Uswisi alipoanzisha maabara ndogo ya utafiti hapo, mji huu umekuwa miongoni mwa vituo vinavyojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Leo ipo Taasisi ya Afya ya Ifakara, ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na tangu 2010 kipo chuo kikuu kishiriki kinachofundisha madaktari. Mtoto wa bondeni huweza kuzaliwa, kuugua malaria na kutibiwa karibu kabisa na maabara inayowachunguza mbu wa kijijini kwake. Itakuwa hasara kwa sayansi yenyewe ikiwa hataweza kuingia humo kama mtafiti, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa saini na muhuri.

Sehemu ya pili ya somo ni kuelewa maana ya deni. Mkopo si sadaka, wala si mshahara wa ujana. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa aliyenufaika hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuseme mhitimu anadaiwa shilingi 12,000,000 na mshahara wake wa msingi ni shilingi 700,000. Makato ni shilingi 105,000 kwa mwezi, nalo deni litakwisha kwa miezi 115, yaani zaidi kidogo ya miaka tisa na nusu. Hapo zamani ilikuwapo pia tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, ambayo ilifutwa mwaka 2021. Kwa mhitimu wetu, tozo hiyo ingekuwa shilingi 720,000 kwa mwaka, wakati makato yake yote ya mwaka ni shilingi 1,260,000. Zaidi ya nusu ya alicholipa kisingegusa deni. Mwanafunzi anayeweza kufanya hesabu hii haingii katika deni akiwa amefumba macho, na kesho anaweza kushiriki katika mjadala wa sheria kwa hoja badala ya malalamiko.

Mjadala huo unahitajika. Australia, iliyoanzisha mpango wake mwaka 1989, humtaka mhitimu aanze kulipa pale tu kipato chake kinapovuka kiwango fulani. Kwetu sisi, asilimia ni ile ile kwa mwenye mshahara wa chini na wa juu. Kwa maoni yangu, kiwango cha aina hiyo kingewafaa walimu na waganga wapya wanaopangiwa vijijini.

Napendekeza basi mambo matatu. La kwanza, kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu afunguliwe jalada lenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na nyaraka za wazazi, na majina yalinganishwe herufi kwa herufi kabla ya usajili wa Kidato cha Nne. La pili, walimu wa Hisabati watumie marejesho ya mkopo kufundishia asilimia, na walimu wa Uraia wafundishe sheria yake pamoja na haki ya kukata rufaa. La tatu, serikali za vijiji zihimize usajili wa vizazi na vifo unapotokea, si miaka kumi na minane baadaye.

Wapo walimu watakaosema kwamba wana kazi nyingi tayari. Ni kweli. Lakini mwalimu aliyemfundisha kijana miaka sita na kumwona akibaki nyumbani kwa sababu ya herufi moja amekwisha kupoteza kazi kubwa zaidi. Mkulima wa Kilombero huandaa shamba kabla ya mvua. Nasi tuwaandae vijana wetu kabla dirisha halijafunguliwa.