Maji ya Moto na Kiuno cha Fundi

Sisi mafundi cherehani wa Tengeru kiuno hutuamsha kabla ya adhana; hata tukirukuu tunashika ukuta. Wahindi katika Ayurveda wana tiba waiitayo avagaha: unaketi ndani ya maji ya moto yaliyochemshwa na majani ya dawa, yakufike kiunoni. Si geni kwetu, bibi zetu walitukanda kwa maji ya moto tulipojifungua.

Tumejaribu kwa beseni kubwa, robo saa. Misuli inalegea, usingizi unakuja. Asubuhi tunarudi kwenye kigoda kilekile, na maumivu yanatungoja. Mguu ukifa ganzi au mkojo ukikutoka bila kujijua, dada, acha beseni, wahi hospitali.

Nanyi mabibi harusi, leteni vitambaa mapema! Gauni la siku tatu ndilo linalotuvunja kiuno.