Kila Siku Kifungu Kimoja



Mwaka mpya unapokaribia, kila mtu anatoa ahadi. Huyu anasema ataacha pombe, yule atajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, mwingine atalipa deni la duka. Na sisi tuliokaa katika kilasi za misioni, ahadi yetu ni ile ile kila mwaka: tutasoma vitabu. Tunaandika hesabu kubwa, vitabu 12, vitabu 24. Mwezi wa kwanza tunafungua kitabu cha kwanza. Mwezi wa pili kitabu kile kinazuia mlango usipigwe na upepo. Mwezi wa 12 tunaahidi tena.

Tukubali kosa letu. Sisi makarani wa mgodi tunahesabu tani na saa za kazi, tunajua kwamba kazi isiyopimwa kwa siku haifiki mwisho wa mwezi. Hakuna kapita anayewaambia watu wake wachimbe sana mwaka huu, kisha akaenda zake kulala. Anawapimia kazi ya leo. Lakini tukifika kwa vitabu tunasahau hesabu yetu yote.

Tena tunachagua vitabu kwa kujionyesha. Tunatafuta kitabu kinene cha Kifaransa chenye kupendeza mezani wageni wakija. Tabia hiyo ina wazazi wake. Mwaka 1948 Bulamatari alileta karta ya "mérite civique", mwaka 1952 akaleta "immatriculation", na Mkongo akapimwa kama mtoto wa shule ili ajulikane kama amestaarabika. Wazee wetu walisoma ili waonekane, na sisi tukarithi. Kusoma kwa namna hiyo hakumtui mtu mzigo hata mmoja.

Tuseme jambo tuliloliona kwa macho yetu, katika kampuni moja ambayo hatutaitaja. Wafanyakazi walipanga mstari mbele ya dirisha la biro kutia sahihi mkataba mpya. Karatasi zilikuwa 4. Kila mtu alionyeshwa ya mwisho tu, pale pa kutia sahihi. Miezi 6 ikapita, wakaambiwa kazi imekwisha, kwa kuwa ndivyo walivyokubali wenyewe katika karatasi ya pili. Kati yao walikuwamo watu waliomaliza sekondari. Na sisi tuliokaa nyuma ya dirisha tulikuwa na karatasi hizo mkononi siku tatu nzima. Tulizipiga muhuri bila kuzisoma. Nyumbani, juu ya meza, kilikuwapo kitabu kinene cha mwaka ule.

Ndugu, yaliyowapata watu wale dirishani yaliipata nchi nzima. Mwaka 1960 wakubwa wetu walikwenda Brussels katika Meza ya Mviringo ya siasa, mwezi wa Januari na Februari, wakarudi na tarehe ya uhuru. Ilipofika Meza ya Mviringo ya uchumi, mwezi wa Aprili na Mei, wengi wao walikuwa katika kampeni ya uchaguzi, na vijana wanafunzi wakatumwa kukaa mbele ya mabwana waliozijua hesabu za makampuni tangu kuzaliwa. Tarehe 27 Juni, siku 3 kabla ya bendera kupanda, Komite Maalum ya Katanga ilivunjwa kwa karatasi, na nguvu ambayo Kongo ingeirithi ndani ya Union Minière ikapungua. Watu walikuwa wakishona nguo za sherehe. Hatuwalaumu wazee: siku ile wenye diploma ya universite katika nchi nzima hawakufika hata 30. Lakini sisi wa leo tutajitetea kwa neno gani?

Basi, kwa mwaka mpya tunaleta shauri moja. Tusianze na vitabu 12. Tuanze na karatasi inayotufunga sote, nayo ni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Ina vifungu 229. Vingine vina mistari miwili tu, vingine vinajaza ukurasa. Tusome kila siku kifungu kimoja, tusizidishe, hata kama hamu ipo. Mwenye kuanza tarehe 1 Januari, katika mwaka usio na tarehe 29 Februari, atamaliza tarehe 17 Agosti.

Tazameni hesabu hiyo inavyokwenda. Tarehe 1 Januari utasoma kwamba Kongo ni nchi huru isiyogawanyika, na kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Chiluba. Tarehe 17 Januari ni siku aliyouawa Patrice Lumumba mwaka 1961, hapa karibu na Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Siku hiyo utafika kifungu cha 17, kinachosema kwamba uhuru wa mtu ndio kanuni, na kumfunga ni jambo la nadra linalotaka sheria. Soma polepole siku hiyo. Tarehe 5 Februari ni kifungu cha 36: kazi ni haki, na mshahara umtunze mfanyakazi na jamaa yake kwa heshima. Tarehe 7 Februari ni haki ya kuunda sendika, na kesho yake haki ya kugoma. Tarehe 12 Februari ni masomo ya shule ya msingi bila malipo katika shule za serikali. Kifungu hicho kiliandikwa mwaka 2006, lakini kilianza kutimizwa mwezi wa Septemba 2019. Watoto wangapi walirudishwa nyumbani katika miaka hiyo 13, na wazazi hawakujua kwamba Katiba ilikuwa upande wao?

Tarehe 27 Februari ni kifungu cha 58: kila Mkongo ana haki ya kufaidi utajiri wa nchi, na serikali inapaswa kuugawa kwa haki. Tarehe 3 Machi, kifungu cha 62, utaambiwa kwamba hakuna mtu anayeweza kujitetea kwa kusema hakuijua sheria. Na tarehe 22 Mei, kifungu cha 142, utakuta kwamba serikali inapaswa kutangaza kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne katika siku 60. Unganisheni viwili hivyo. Wanatuhukumu kwa sheria tusiyoijua, na wao wenyewe wamefungwa kutuletea sheria hiyo kwa Kiswahili. Tukiisha kujua, tutaidai. Tusipojua, tutaendelea kuomba kama wageni.

Tunawasikia wanaopinga. Wa kwanza anasema: Kifaransa cha sheria ni kigumu. Ni kweli. Kwa hiyo tusisome peke yetu. Watu 5 au 8 wakutane jioni baada ya kula. Anayejua Kifaransa asome na kugeuza kwa Kiswahili chetu cha kila siku, mwenye mwandiko mzuri aandike katika kaye, na wengine waulize. Akina mama wawemo tangu siku ya kwanza, wasiitwe kuleta maji tu. Neno likikataa kueleweka, liandikwe pembeni, apelekewe mwalimu au mwanasheria siku ya Jumapili.

Wa pili anasema: umeme unakatika. Kifungu kimoja kinasomwa kabla mshumaa haujapungua urefu wa ukucha.

Wa tatu ana neno zito zaidi. Anasema: sheria zenyewe hazifuatwi, kwa hiyo kuzisoma ni bure. Huyo tumjibu kwa heshima. Mama akienda sokoni kununua unga, anaijua meka. Mwuzaji akipandisha kitako cha meka kwa hila, mama anapiga kelele, na soko lote linageuka kutazama. Mwenye kupiga kelele ni yule anayejua kipimo. Asiyejua anabeba unga wake pungufu na kushukuru.

Tuchukue mfano wa madini, maana ndiyo kazi yetu. Sheria ya madini ya mwaka 2002 iligeuzwa mwaka 2018, na kifungu chake cha 242 kinagawa ile kodi wanayoiita redevansi. Katika kila franka 100, serikali ya Kinshasa inapata 50, provense 25, mji au sekta au usultani wenye mgodi 15, na 10 ni akiba ya wajukuu wetu. Sasa, wewe unayekaa katika vumbi la mgodi, umewahi kuuliza zile 15 zilijenga nini kwenu? Umewahi kuuliza nani anatunza zile 10? Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na hesabu ya namna ya kuigawa inakaa katika ukurasa mmoja.

Tena kuna jambo la haraka. Tangu mwaka 2024 maneno ya kugeuza Katiba yanasikika katika nchi. Wako wanaotaka, wako wasiotaka, na kila upande una nyimbo zake. Sisi tunasema: asiyesoma ya zamani atawezaje kuchagua mpya? Atachagua kwa wimbo.

Baada ya tarehe 17 Agosti zitabaki siku 136. Hizo ni zako, soma kinachokufurahisha moyo. Ukitaka shauri letu, tafuta habari za Elisabethville zilizoandikwa mwaka 1965 na André Yav, mtu aliyekuwa boi katika nyumba za wazungu. Aliziandika kwa Kiswahili chetu hiki, kwa ajili ya chama cha maboi wenzake. Hakungoja diploma, na wenye elimu wa ng'ambo wakaja baadaye kujifunza kwake.

Sisi makarani wa dirisha lile tuna deni. Karatasi zile 4 hatuwezi kuzirudisha. Lakini tarehe 1 Januari tutakuwa na kaye mpya, na mkataba utakaofuata utasomwa wote kwa sauti mbele ya mstari, kabla ya muhuri.

Ndugu, nunueni kaye moja. Tafuteni Katiba, hata nakala moja kwa njia nzima. Iteni majirani. Tutaanza na kifungu cha kwanza.