Mwenye Kampuni ni Mwenzetu, na Kibarua Je?



Hapa kwetu Kongo kuna sheria ya tarehe 8 Februari 2017. Inasema kampuni kubwa ikitoa kazi nje, kama vile usafiri, chakula, ulinzi au ufundi, izipe kampuni ambazo mtaji wake ulio mwingi ni wa Wakongo. Wengine hufikiri ni sheria ya migodi tu. Sivyo. Kiwanda cha simenti, shamba la miwa, shamba la michikichi, yote yamo.

Mimi naiunga mkono. Sisi wa Katanga tumechoka kuona malori yakivuka mpaka wa Kasumbalesa na vyakula vya kutoka Zambia na Afrika Kusini, kwenda kulisha watu wanaochimba shaba ya nchi yetu, na huku mama mkulima amekaa kando ya barabara na mboga zake, zinanyauka.

Lakini mimi kazi yangu ni kusimama kwenye malango ya kampuni, na huko nimeona mambo. Nilikuta madereva wawili, basi za namna moja, njia moja, saa zile zile. Mmoja ameandikwa na kampuni kubwa. Mtoto wake akiugua anatibiwa. Wa pili yuko kwa mkandarasi, hana hata karatasi ya mshahara. Na mkandarasi huyo ni kijana wa mtaani kwetu, tulimshangilia alipopata ile kazi! Nilipomwendea akanijibu: "Papa, wamenibana bei. Mimi nikate wapi?"

Alisema nusu ya kweli. Bei walimbana kweli. Ila gari lake jipya halikukatwa.

Wako pia wanaoazima jina tu. Kwenye karatasi Mkongo ndiye tajiri, fedha zinakwenda kwa mwingine. Huyo hata tukimwendea hana la kutujibu.

Basi wajumbe wetu, mtakapoketi na wakubwa wa kampuni, msiulize tu kazi imepewa nani. Daini mkandarasi asipewe kazi kabla hajaonyesha risiti za CNSS na mikataba ya watu wake, na bei anayopewa itoshe kulipa mishahara halali. Kampuni kubwa isijifiche nyuma ya mtoto wa nchi.

Nanyi vibarua, msikae kungoja. Sheria ya kazi ya mwaka 2002, kifungu cha 40, inasema hivi: kibarua akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa kudumu. Wakandarasi wengi wanaijua vizuri, ndiyo maana wanawapumzisha watu siku ya 21. Nunueni daftari. Kila jioni andika tarehe, kazi uliyofanya na jina la msimamizi, na mwenzako atie sahihi. Siku ya kwenda kwa mkaguzi wa kazi, njoo nalo.