MVUA NI YA MUNGU, MAKATO NI YA NANI?



Kila mwaka mvua ikinyesha wakati wa kuvuna twasikia neno moja tu, toka Nyeri mpaka Nanyuki, toka Karatina mpaka Timau: "Mvua imetuharibia." Mkulima asema hivyo, dalali asema hivyo, na mkubwa akiulizwa redioni naye asema hivyo hivyo. Kisha kila mtu aenda zake, na hasara yabaki kwa mtu mmoja.

Sisi twasema neno hilo ni nusu ya kweli. Mvua hulowesha mahindi, lakini haipangi bei. Mvua haishiki mizani, haikati kilo kumi katika gunia, wala haimwambii kibarua arudi kwake bila senti. Hayo yafanywa na watu, na yafanywayo na watu yaweza kubadilishwa na watu.

Huenda mtu akauliza: chama cha wafanya kazi kina nini na mahindi? Twamjibu. Karani wa Nyeri, fundi wa Karatina, dereva wa Nanyuki, kibarua wa shamba la ngano Timau: wengi wao wana kipande cha mahindi nyumbani, Kieni, Othaya, Mathira au Mukurweini. Mshahara hulipa karo, na mahindi hulisha nyumba. Mahindi yakioza, mshahara ndio ununuao unga, na mtoto hurudishwa kutoka shuleni. Mtu akikukata katika gunia lako amekukata katika mshahara wako, ingawa si tajiri wako.

MAJI HUFANYA NINI

Wazee wetu waliita mvua kwa majina ya mazao. Mvua ya njahi ni ile ya Machi hadi Mei, na mvua ya mwere ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Kati ya hizo mbili Nyeri ina gathano, miezi ya baridi na ukungu, ambapo siku nyingi jua halionekani. Mahindi yaliyopandwa Machi huanza kukomaa katika baridi hiyo. Kule juu Kieni, ambako mahindi huchelewa, hukomaa mvua ya mwere ikiwa mlangoni. Hapo mkulima ana njia mbili, na zote mbaya: avune mapema yakiwa na maji, au angoje yaozee shambani.

Gunzi likiloa ndani ya maganda, kuvu huingia. Punje hubadilika rangi, nyingine huchipua zikiwa bado juu ya bua. Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yaliyozidi unyevu wa asilimia 13.5. Mahindi yaliyovunwa katika ukungu huweza kuwa na asilimia 20, hata 25. Njia ya kutoka 20 mpaka 13.5 ni jua la siku kadhaa, na jua ndilo ambalo halipo.

Wenzetu wa nafaka nyingine hawana nafuu. Ngano ya Timau ikinyeshewa baada ya kuiva huanza kuchipua ndani ya suke, na unga wake hautoi mkate mzuri. Shayiri ya kimea ndiyo yenye balaa zaidi. Kazi yake ni kuchipua kiwandani. Ikichipua shambani hukataliwa, ikaishia kuwa chakula cha ng'ombe. Huko Mwea, mpunga wa msimu mkubwa huvunwa Novemba na Desemba, mvua ya mwere ikiwa haijakwisha. Mpunga uliokwisha kuanikwa ukiloa tena hupasuka ndani, na kinuni hutoka chenga. Ni pishori ile ile na jasho lile lile, lakini chenga hazina bei ya mchele mzima.

TUPIGE HESABU

Twaomba kila mwanachama achukue kalamu. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 lina maji kilo 18, na nafaka yenyewe kilo 72. Ukilikausha mpaka asilimia 13.5, zile kilo 72 zabaki pale pale. Kinachotoka ni maji. Uzito mpya ni kilo 83 na robo hivi. Basi yaliyopotea ni kilo 7 kasoro.

Unyevu ukiwa asilimia 18, yanayopotea ni kilo 5 kasoro. Ukiwa asilimia 25, ni kilo 12.

Mwaka 2023 bei iliyotangazwa na serikali ilikuwa shilingi 4,000 kwa gunia la kilo 90, yaani shilingi 44 na senti kidogo kwa kilo. Kwa bei hiyo, maji ya gunia la asilimia 20 yana thamani ya shilingi 300 hivi. Ongeza gharama halali ya kukausha. Hayo ndiyo makato ya haki, na mkulima hana neno nayo, kwa maana hakuna mtu mwenye akili atakaye kuuza maji kwa bei ya mahindi.

Sasa tazama yatendekayo langoni. Dalali hana kipima unyevu. Atia mkono ndani ya gunia, achukua punje, aiuma, aitema, kisha asema: "Maji mengi." Akata kilo 10, au 15, au ataja bei yake na kuwasha gari. Mkulima aona wingu juu ya mlima, aona mahindi yake yakianza kushika joto ndani ya gunia, akubali. Mahindi yale yale huanikwa juu ya turubai la dalali siku tatu nne, kisha yauzwa kwa bei kamili. Basi meno ya mtu yamekuwa ofisi ya vipimo! Mizani hukaguliwa na kutiwa muhuri wa serikali. Meno ya dalali yalikaguliwa na nani?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Dalali naye ana petroli ya kulipa, ana barabara ya matope, na gunia likioza stooni kwake hasara ni yake. Hatusemi asikate kitu. Twasema akate kwa kipimo, mbele ya mwenye mali, na kwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba aweza kuihakiki.

KIBARUA NAYE

Tusimsahau mwenzetu asiye na gunia. Katika mashamba makubwa ya ngano na shayiri kombaini haiingii shambani siku ya mvua. Kibarua ameamka saa kumi na moja, amelipa nauli au ametembea, amefika langoni. Aambiwa: "Leo hakuna kazi, njoo kesho." Kesho mvua yanyesha tena. Siku ya tatu jua latoka, na huyo huyo atakiwa kufanya kazi mpaka usiku kwa kuwa ngano haingoji. Mwenye shamba kubwa aweza kukata bima ya mazao. Kibarua ndiye aliyefanywa bima ya mwenye shamba.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua wa kutwa ambaye siku zake za kazi mfululizo zimetimia mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mfanya kazi wa mwezi. Kila kibarua na aandike siku zake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho ni mali.

MAHINDI YALIYOKATALIWA HUENDA WAPI

Hili ndilo neno zito kuliko yote. Mahindi mabovu hayapotei hewani. Mkulima aliyekataliwa ghalani hawezi kuyatupa, kwa kuwa ana deni la mbolea. Huyauza kwa bei ya kutupa, nayo huingia sokoni kwa mlango wa nyuma. Husagwa posho, au huwa chakula cha ng'ombe na kuku. Ndipo mfanya kazi wa mjini anunuapo kwa mshahara wake, ndani ya mfuko mzuri, mahindi yale yale ambayo ndugu yake aliambiwa hayafai.

Kuvu ya mahindi yaliyowekwa na maji huweza kuzaa sumu iitwayo aflatoksini. Haionekani kwa macho, haina harufu ya kukuonya, na kupika sima hakuiondoi. Hushambulia ini. Ng'ombe akiila, hupita mpaka katika maziwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 kati yao wakafa. Walikuwa wamekula mahindi yaliyovunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Mtu asituambie kwamba mahindi yenye maji ni shida ya mkulima peke yake. Ni shida ya kila mtu mwenye sufuria.

MASHINE ZIKO, LAKINI ZIKO WAPI

Tangu mwaka 1979 Bodi ya Nafaka ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkuu. Hatuililii siku zile. Wakulima walingoja malipo kwa miezi, na mtu alihitaji kibali ili kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja mpaka nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1993 soko likafunguliwa. Tukaambiwa tumekuwa huru kuuza. Ndiyo, mkulima ni huru, na dalali ni huru. Lakini mmoja ana lori na turubai, na mwenzake ana wingu juu ya kichwa. Uhuru wa namna hiyo ni wa upande mmoja.

Mwaka 2023, mvua kubwa za El Niño zilipokuja Oktoba hadi Desemba, serikali ilileta mashine za kukaushia zinazoweza kuhamishwa. Tulisifu jambo hilo, na leo pia twalisifu. Lakini mashine iliyosimama ghalani mbali haimkaushii mtu mwenye magunia sita juu ya kilima cha matope. Akodi gari kubeba maji kwenda, na kubeba mahindi kurudi? Mashine iliyotengenezwa ili ihamishwe, na ihamishwe.

TWATAKA HAYA

1. Kila soko na kila ghala linalonunua nafaka liwe na kipima unyevu, kikaguliwe na kutiwa muhuri kama mizani, na msomaji wake awe mbele ya mwenye mali.

2. Hesabu ya makato ibandikwe ukutani, kilo kwa asilimia, kwa Kiswahili na Kikuyu, ili mtu ajue kabla ya kufungua gunia.

3. Kilimo ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010. Basi Nyeri, Kirinyaga, Laikipia na Meru zipeleke mashine za kukaushia katika kata kabla ya mavuno, na ada ijulikane mapema.

4. Kibarua aliyeitwa kazini akafika, akazuiliwa na mvua, alipwe sehemu ya siku yake. Tutaliweka neno hili katika kila mapatano.

5. Mahindi yenye sumu yaondolewe sokoni kabisa, na posho za mijini zipimwe mara kwa mara.

NA SISI TUFANYE HAYA

Haki ya mtu haiji ikiwa mikono yake imekunjwa. Wako wenzetu wanaochanganya debe moja la mahindi yenye maji na madebe manne makavu wakidhani wamemshinda dalali. Hao ndio wanaompa dalali sababu ya kutukata sote. Tuache.

Jirani watano na wanunue turubai kubwa pamoja, wala mahindi yasianikwe juu ya udongo. Kipima cha maskini ni chupa: tia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikishika kioo, mahindi yamezidi asilimia 15 na hayajawa tayari kuwekwa. Isiposhika, bado endelea kuanika kidogo ukitaka kufika 13.5. Andika katika daftari uliuza lini, kilo ngapi, ulikatwa ngapi, na aliyekukata alitumia kipimo gani. Daftari mia moja zikiwekwa mezani, hakuna mkubwa atakayesema ni maneno ya wivu.

Tena tuuze pamoja. Wakulima wa Mwea walitufundisha mwaka 1998, walipokataa kwa umoja kupeleka mpunga wao kwa Bodi ya Umwagiliaji. Mtu mmoja akikataa aitwa mkaidi. Kijiji kizima kikikataa, wakubwa huja wenyewe kuuliza kuna nini.

Mvua itanyesha tena msimu ujao, na hatutaandika barua kwa mawingu. Barua yetu yaenda kwa wenye mizani. Ukimaliza kusoma karatasi hii usiifungie sukari. Mpe jirani aliye na gunia.

Umoja ni nguvu.